Mti wa Uzio Jikoni Kwangu

Nyangeta mwanangu,

Karatasi hii nitaiweka juu ya begi lako. Lile begi ambalo hadi juzi asubuhi lilikuwa limepangwa vizuri, sketi chini, blauzi juu, viatu pembeni, halafu jioni ukalifungua na kurudisha kila kitu kwenye kamba. Nimeamua kuandika kwa sababu tukikaa kuongea hatufiki mbali. Wewe unapandisha sauti, mimi napandisha, mdogo wako Nyamisi anaanza kulia, basi mazungumzo yameisha. Kwa hiyo soma hadi mwisho. Ukifika mahali ukasikia hasira, vuta pumzi, endelea.

Sasa hivi uko kanisani kwenye mazoezi ya kwaya. Mdogo wako umemchukua pia, na najua kwa nini. Tangu juzi humwachi peke yake karibu na dumu. Jua bado liko juu na nina kazi nataka kuifanya kabla hamjarudi, ila kwanza nitoe haya yaliyonikaa kooni. Kesho ndiyo siku ya mwisho ya kuripoti chuoni. Gari la Musoma linapita asubuhi na mapema, na msichana aliyechaguliwa kusomea umeme wa majumbani ametangaza mbele ya jirani kwamba haendi. Usipofika kesho, nafasi yako anapewa mtu mwingine. Mimi niliyeishia darasa la saba nimelifikiria jambo hilo mpaka kichwa kinauma.

Juzi ulirudi kutoka ziwani na dumu kichwani, umelowa hadi kiunoni. Ukasema uzio umefunguka upande wa kina, miti kadhaa haipo, na umeteka maji huku mgongo wako ukiwa wazi. Mimi nilikuwa nachochea maharage. Nikajibu bila hata kugeuka, "Ni mawimbi hayo." Nilipokutazama, ulikuwa umesimama macho yako kwenye mafiga.

Mti ulikuwa umeungua nusu. Nusu nyingine ilikuwa bado nje ya moto, na juu yake kulikuwa na kamba ya bluu yenye fundo la baba yako, lile ambalo yeye hulizungusha mara ya ziada kwa sababu haamini kama kuna kitu duniani kitakaa kilipofungwa.

"Mama, huo mti umetoka wapi?"

"Ni kuni. Nyamisi kaleta."

"Mama, huo ni mti wa uzio. Unapikia uzio!"

Hakuna mtu wa kijiji hiki asiyeujua uzio ule, lakini nauandika hapa ili uone kwamba na mimi nafahamu nilichokuwa nakichoma. Ni miti iliyochomekwa ndani ya maji, ikafungwa pamoja kwa kamba na nyavu kuukuu, ili mtu akiingia kuteka maji mamba asimfikie. Baba yako na wavuvi wenzake waliujenga baada ya mamba kunikamata mimi mguu. Mimi huyo huyo nikaupikia maharage.

Nyamisi alikuwa mlangoni. Akasema, "Nimeokota, dada. Ilikuwa imelala kwenye mchanga. Mama husemaga kitu kinachofaa usikiache chini." Usimkasirikie mdogo wako. Maneno ni yangu, nimeyasema kila siku ya Mungu tangu amezaliwa, na yeye ameyafuata kuliko alivyowahi kufuata agizo lolote la kuosha vyombo. Mimi ndiye niliyepokea kuni zilizonyooka, zenye urefu mmoja, zenye kamba, nikafurahi kwamba leo tumepata kavu, nikaziingiza motoni. Sikuuliza. Ningeuliza neno moja tu nisingekuwa naandika leo.

Hapo ndipo ulipotua dumu chini kwa kishindo ukasema, "Basi mimi siendi. Nikienda nani atateka? Huyu mtoto? Maana wewe mama hata mwaloni pale ziwani hufiki." Mama Bwire jirani alikuwa amekuja kuomba moto. Akasikia yote, akaondoka bila moto.

Neno hilo la mwisho liliniuma sana. Niliondoka pale kwa sababu nilitaka kukupiga kofi, na nilitaka kukupiga kwa sababu ulisema kweli.

Sasa nikuambie kitu ambacho tumekuwa tukikizunguka miaka yote hii. Mguu wangu unaujua, unalijua kovu, umelipaka mafuta tangu ukiwa mdogo. Lakini sijawahi kukaa nikakueleza ilikuwaje mwanamke mwenye akili zake akajikuta mdomoni mwa mamba. Watu husema ni bahati mbaya, na mimi niliwaacha waseme.

Mimi ni mtu wa ndani kule Bunda, mbali na ziwa, mtu wa pamba na ng'ombe. Kwetu maji yalitoka kwenye lambo, na lambo lenyewe tuligawana na ng'ombe, nao walikuwa wanatangulia. Mama yangu alikuwa akipima maji kwa kata. Ukimwaga tone mezani alikuangalia hadi ulifute kwa kitambaa, kisha kitambaa akakikamulia kwenye mche wa nyanya. Nilipoolewa huku Bukima, asubuhi ya kwanza nilitoka nje, nikaona ziwa limeenda mpaka macho yanaishia, nikacheka peke yangu. Mawifi zangu walidhani kaka yao ameoa kichaa. Nilicheka kwa sababu nilijua shida ya maji nimeiacha Bunda.

Kumbe nyumba iko juu na ziwa liko chini, na kila dumu linapanda kilima juu ya kichwa cha mtu. Nikatafuta njia. Nikaona kwa nini nibebe maji kuyapeleka kwa vyombo, wakati naweza kubeba vyombo kuvipeleka kwa maji? Nikawa naoshea sufuria ziwani, nafulia ziwani, napara sato na kusafisha furu pale pale tunapotekea, magamba na utumbo vinaelea hapo hapo miguuni. Pipa langu la nyumbani lilikuwa halishuki. Nilijivuna sana na pipa lile. Wifi yangu mkubwa aliniambia, "Wifi, hapo tunapotekea usimwagage utumbo." Nilidhani ni maneno ya kumnyanyasa mgeni. Nikaendelea.

Nilikuwa nalisha. Hakuna namna nyingine ya kulisema. Nilikuwa naweka chakula mahali pamoja kila jioni, na aliyekuwa anakula alianza kujua saa yangu.

Siku yenyewe wewe ulikuwa mdogo, umekaa mchangani na mwiko mkononi unachimba. Mimi nimeinama nasugua sufuria. Sikuona kitu, hata maji hayakutikisika. Nilihisi mguu umebanwa kama mtu ameufungia mlango, halafu nikavutwa. Mama Bwire alikuwa anafua karibu. Akachukua kasia kwenye mtumbwi uliokuwa umeegeshwa, akapiga maji, akapiga mamba, akanipiga na mimi, mpaka mamba akaniachia. Bega langu liliuma wiki nyingi kwa kasia lile kuliko hata mguu, na hadi leo hajaniomba radhi. Nikiwa kwenye mchanga damu inatoka, nilisikia wewe unalia kwamba sufuria imeenda.

Kule hospitali Musoma nilikuwa nasikia mawimbi usiku, na nesi akawa ananiambia ni feni. Nilirudi nyumbani na gongo la kutembelea. Gongo nikaliacha baada ya muda, lakini ziwani sikukanyaga tena. Na hapa ndipo ninapotaka unisikilize. Hakuna siku hata moja niliyokuambia, "Nyangeta, nenda ukateke." Wewe ulichukua dumu dogo la mafuta ya kula ukamfuata Mama Bwire. Baadaye ukachukua kubwa kidogo. Baadaye ukachukua dumu kamili, shingo ikakakamaa, ukaacha hata kuuliza. Baba yako yuko visiwani kwenye dagaa, anarudi mbalamwezi ikiwa kubwa tu, dagaa wanapokuwa hawafuati taa. Kwa hiyo aliyekuwa anakuona unaondoka na dumu ni mimi. Nilikuwa nakutazama mpaka unapotea nyuma ya mnazi mmoja ule uliopinda, kisha naingia ndani kwa sababu sikuweza kutazama zaidi.

Ndipo nilipoanza mambo ya makopo. Watu wanadhani nilifundishwa kwenye semina. Semina gani? Nilikuwa nimenyoosha mguu kwenye kigoda, nahesabu kichwani ni maji gani yanapotea ndani ya nyumba hii, kwa sababu kila dumu ambalo halikuhitajika ni safari moja ambayo mtoto wangu hakwenda. Kibuyu chirizi pale mlangoni mwa choo nilikifanya kwa dumu la lita tano na kamba ya viatu vya baba yako. Ukikanyaga kijiti, kibuyu kinainama, kinatoa maji ya kutosha mikono miwili, ukiachia kinanyamaza. Baba yako alitafuta kamba hiyo siku nzima. Zile chupa nilizotoboa vizibo nikazifukia vichwa chini kwenye nyanya, maji yanatoka taratibu kwenye mizizi, tukaacha kumwagilia kwa kopo. Mabati mabovu ya kanisa niliyaomba, nikayakunja na Mama Bwire kuwa mfereji chini ya paa, mvua ikinyesha pipa linajaa lenyewe.

Na lile tenga. Lilikuwa tenga la samaki, linanuka, limetoboka. Nikalianika, nikalipigilia ndani sponji la godoro ulilolikojolea ulipokuwa mdogo (usikasirike, nililifua), nikalizungushia kitenge na gunia, nikashona mto wa kufunikia. Maharage yakichemka kidogo tu unayaepua na sufuria yake, unayatumbukiza humo, unafunika, unaenda shambani, ukirudi yameiva. Kuni zinabaki, na hata maji yanabaki, kwa sababu hayakauki kwa kuchemka. Mama Bwire alikuja kuangalia mara ya kwanza akauliza kama humo ndani kuna umeme. Wewe ukiwa na akili zako za darasa la tano ukamwambia upo, ila ni wa kienyeji.

Halafu kuna chupa niliyoipachika kwenye bati la jikoni, yenye maji na dawa ya kufulia, ili mchana kuwe na mwanga tusiwashe taa. Ilimulika vizuri mpaka mvua ya kwanza ilipovuja kwenye ugali wa mchungaji. Hiyo tuiache.

Nikaitwa Mama Makopo. Mwalimu akaleta wanafunzi waone. Wanawake kutoka vijiji vya jirani wakaja kukaa uani kwangu wakapiga picha na tenga. Nilikuwa nasifiwa, Nyangeta, na ulikuwa unapita katikati yao na dumu kichwani unasema "shikamooni", wanakuitikia, wanarudi kwenye tenga. Nilikuona. Nilikuwa naona kila mara. Nikajiambia, sasa hivi anaenda mara chache kuliko zamani. Ni kweli ulienda mara chache. Lakini aliyekuwa anaenda ni wewe.

Kama kuna kitu nataka utoke nacho hapa, ni hicho. Mimi nimebana maji na kuni maisha yangu yote na sijutii kubana. Ila nilikuwa naangalia kilichobaki kwenye pipa tu. Nilibana maji ya nyumbani, hatari ikahamia ziwani. Ziwani pakanishinda, mzigo ukahamia kichwani kwako. Mwaka huu mvua zimechelewa, pampu ya kisima kipya cha kijiji imekufa, kuni zimekuwa za kutafuta mbali, nikabana kuni hadi mtoto akaenda kuniokotea ukuta unaowalinda watu. Mtu anayebana namna hiyo huwa hajioni mbaya. Mimi nilikuwa najiona hodari. Siku hizi mbili nimekuwa nikitazama kila kitu changu hapa uani, makopo, chupa, kamba, najiuliza kila kimoja kilimhamishia nani mzigo.

Jana, ulipokuwa umelala mchana na sura ya hasira, nilimpigia baba yako kisiwani. Nikamweleza.

"Nakuja mbalamwezi ikitoka," akasema. "Nitachomeka mingine. Mwambie Nyangeta asubiri."

"Chuo hakisubiri mbalamwezi."

"Sasa mama Nyangeta, unatakaje?"

"Nataka kwenda mwenyewe."

"Wapi?"

"Ziwani."

"Wewe si ulikuwaga unaziba masikio upepo ukivuma kutoka huko?"

"Ndiyo mimi huyo huyo."

"Subiri nirudi."

"Ukirudi utakuta umechelewa," nikamwambia, nikakata simu kabla sijabadilisha mawazo.

Asubuhi ya leo, mlipokuwa shambani kabla ya kupitiliza kanisani, nimebomoa ukuta mmoja wa banda la jiko. Miti yake ni migumu, baba yako aliileta mwenyewe. Ukirudi utashangaa jiko limekuwa kibaraza, upepo unaingia. Nitapikia nje mpaka tupate miti mingine, si kitu. Nimetoa na nyavu za dagaa zilizochakaa zile za nyuma ya nyumba, na mbao za mtumbwi mbovu. Mama Bwire anakuja na panga. Nimemwambia asimwambie mtu, kwa hiyo nadhani kijiji kizima kinajua.

Naacha kalamu hapa. Mwandiko unaniaibisha. Jua liko katikati, huwa ni saa salama kuliko jioni. Nikirudi nitaendelea. Kama umeikuta karatasi imeishia hapa, basi mpigie baba yako.

Nimerudi.

Nimekaa kwenye kigoda, nguo zimelowa, sijabadilisha. Nataka kuandika kabla sijaanza kujisifu.

Kushuka kile kilima ilikuwa shida kuliko nilivyodhani. Mti begani haukuwa mzito. Kilichokuwa kizito ni ile harufu ya maji, inaanza kabla hujayaona. Nilisimama njiani nikamwambia Mama Bwire nimesahau kamba. Akasema, "Kamba umeishika mkononi." Tukaendelea. Pale mchangani nilisimama tena. Wanawake walikuwepo wawili na madumu yao, wakaniangalia kama wameona mtu aliyefufuka. Nikaona bora niwaambie mimi kabla hawajasikia kwa wengine, nikasema kwa sauti, "Miti iliyopotea hapa nimeipikia mimi. Nimekuja kurudisha."

Nilitegemea matusi. Mmoja akaangalia chini. Mama Bwire akakohoa, akasema, "Na mimi nilichukuaga mmoja. Masika ile. Ulikuwa umelegea." Yule aliyeangalia chini akasema alichukua wa pembeni, lakini ni mmoja tu, na ulikuwa mdogo. Nyangeta, tungekuwa tumekaa mahali pengine tungecheka hadi tukaanguka. Uzio ule haukuchukuliwa na mawimbi. Tuliupika, sisi wenyewe tunaoteka ndani yake, kila mmoja kajiambia kwamba mti mmoja si kitu.

Basi nikaingia. Maji yalikuwa ya vuguvugu, hilo sikulitegemea, nilikuwa nakumbuka baridi. Upande wa kina yalinifika kiunoni. Mama Bwire alisimama nyuma yangu, mkono mmoja ameshika mti usianguke, mwingine ameshika panga, na mimi nagonga kwa jiwe. Wale wanawake walikuwa wanapiga madumu matupu kwa fimbo ili kufanya kelele. Mti wa kwanza ukaingia. Wa pili ukaingia. Tulipokuwa kwenye wa katikati, pale penye pengo lenyewe, Mama Bwire akanyamaza. Unamjua, yeye huongea hata akila. Akanyamaza, kisha akasema polepole sana, "Usigeuke. Gonga."

"Yupo?"

"Gonga tu, mama."

Mguu wangu wa kovu ulitaka kukimbia peke yake. Sikusali, sina uongo. Nilikuwa nawaza dumu lako lile la juzi, ulilolijaza ukiwa umesimama hapo hapo, mgongo wazi, halafu ukapanda kilima, ukafika nyumbani, ukamkuta mama yako anakuambia ni mawimbi hayo. Nikagonga. Niligonga mpaka kidole kikapasuka, mti ukashuka, tukasukuma mwingine pembeni yake, tukafunga nyavu, tukafunga tena. Tulipofika mchangani nikamuuliza kama kweli alikuwepo. Akasema, "Sijui. Lilikuwa gogo, au alikuwa yeye, kule kwenye matete. Ningekwambia sijui ungekimbia, tungeacha pengo."

Nilikaa chini nikalia. Nililia kwa sauti, kama mtoto, na wanawake wakaniacha nilie. Halafu nikaosha uso kwa maji hayo hayo, nikachukua dumu, nikaingia ndani ya uzio, nikateka.

Kwa hiyo sikiliza, maana sasa naongea kama mama mwenye nyumba. Nyamisi hatateka maji ziwani. Nimeshasema na Mama Bwire, tutaenda mimi na yeye, jua likiwa juu, tunakuwa wawili, mmoja anateka mmoja anatazama. Samaki watasafishwa huku nyumbani na utumbo utafukiwa kwenye mboga. Miti yote ya uzio nitaipaka rangi ile nyekundu iliyobaki baba yako alipopaka mtumbwi, ili mtu akiiona jikoni kwa mwenzake ajue. Hilo la rangi ni wazo la Nyamisi, nililiomba kwake asubuhi bila kumwambia ni la nini. Dumu langu litakuwa dogo mwanzoni. Nitaanza kama wewe ulivyoanza.

Siwezi kukuahidi kwamba sitaogopa. Leo nimeogopa njia nzima, kwenda na kurudi, na kesho nitaogopa tena. Nilidhani siku nitakayoweza kwenda itakuwa siku ambayo hofu imeisha, ndiyo maana nikangoja mpaka wewe ukawa mkubwa kunipita. Haikuisha. Nimeenda nayo. Kama chuoni wakikupeleka juu ya nguzo na nyaya zako na ukasikia miguu inagoma, usingoje hofu iishe.

Mambo madogo ya kule utayaona mwenyewe, sitaki kukuchosha. Ila shangazi yako wa Kamunyonge, utakayekaa kwake hapo Musoma, ana bomba ndani ya nyumba, na huwa analiacha likimwaga huku anaongea na simu. Nakujua. Siku ya kwanza utasimama nyuma yake ukikunja uso, siku ya pili utamtobolea chupa. Nakuomba uvumilie angalau mpaka akuzoee. Na akikuuliza kwa nini unafunga maji haraka, mwambie tu kwamba kwenu kila dumu lina mtu aliyelibeba. Atafikiri unajivuna, lakini atafunga.

Hasira zako juu yangu usizitupe zote. Baadhi ni za haki. Nimekuacha ukawa mtu mzima kabla ya wakati, na siwezi kukurudishia zile jioni. Nilikuwa nakusifu kwa wageni kwamba una nguvu kuliko mvulana. Ulikuwa mtoto, na ulikuwa unaogopa kama mimi, tofauti ni kwamba wewe hukuwa na mtu wa kumwachia. Ninakupenda kwa namna inayonitia aibu, maana nimeweza kuisema kwa karatasi tu. Ukinikuta asubuhi sina maneno, ujue yote yako hapa.

Nawasikia mnakuja, Nyamisi anaimba sauti ya kwanza vibaya. Nitamalizia upesi.

Kwenye beseni kubwa nyuma ya nyumba kuna maji nimeyafunika kwa bati. Yamekuja kwa safari mbili, nimeyabeba mimi, na hakuna mtu mwingine aliyegusa dumu. Ni ya kuogea wewe kesho asubuhi. Usimgawie Nyamisi, usibakize ya nyanya, usiyapime. Nitakuwa nje naota moto, na nataka nisikie unajimwagia mpaka yaishe, halafu uvae, uende.

Mama yako